Ushirikiano wa Walimu wa Kiswahili katika Delta ya Mto Tana: Suala la Ujuzi Uliogawanyika

Utangulizi

Mwaka 1850 Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao yake Rabai, alichapisha huko Tübingen kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki. Lugha hizo zilipangwa katika safu, moja kando ya nyingine: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo, ambacho wakati huo wageni walikiita kwa jina lisilokubaliwa na wenyewe. Kazi ile ina kasoro nyingi, kama ilivyo kawaida ya kazi za mwanzo, lakini mpangilio wake unastahili kukumbukwa. Katika ukurasa mmoja msomaji aliweza kukiona Kiswahili, akaiona lugha ya Kibantu iliyo jirani yake, kisha akaiona lugha ya Kikushi isiyokuwa na udugu nacho hata kidogo.

Zaidi ya miaka 170 imepita tangu hapo. Mwalimu wa Kiswahili anayeingia darasani leo mjini Garsen, katika Kaunti ya Tana River, anazikuta lugha hizo hizo tatu mbele yake, si katika karatasi tena bali katika vinywa vya watoto walioketi dawati moja. Mwalimu huyo, aghalabu, anaijua safu ya Kipokomo tu au safu ya Kiorma tu, na mara nyingine haijui hata moja kati ya hizo mbili. Safu anayoikosa iko kwa mwenzake wa darasa la pili, au wa shule iliyo ng'ambo ya mto.

Ushirikiano wa walimu mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni suala la tabia njema: kwamba walimu wapendane, watembeleane, wapeane vitabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika delta ya Mto Tana jambo hilo lina uzito wa namna nyingine. Ujuzi unaohitajika ili kosa la mtoto katika Kiswahili lieleweke umegawanyika miongoni mwa walimu, nao umegawanyika kwa kufuata mipaka ile ile ya jamii ambayo imewahi kumwaga damu. Mahali kama hapa mwalimu asiyekaa na wenzake hakosi urafiki tu, anakosa sehemu ya somo analolifundisha.

Garsen na lugha zake

Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Garsen uko juu kidogo, mahali ambapo bonde linaanza kupanuka na kuwa delta. Wapokomo wamekaa kandokando ya mto kwa karne nyingi wakilima mpunga, ndizi na maembe, na kuvua samaki katika mto na maziwa yake. Waorma ni wafugaji, na ng'ombe wao hulazimika kurudi mtoni wakati wa kiangazi kupitia njia za kushukia majini ziitwazo malka. Wapo pia Wawardei, ambao wengi wao husema Kisomali ijapokuwa asili yao ni ya Kioromo. Wapo Wagiriama, Wabajuni, Wasomali, na wafanyabiashara na watumishi wa serikali kutoka bara. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 315,943 katika kaunti nzima. Sokoni Garsen watu hawa wote huuziana kwa Kiswahili.

Kipokomo ni lugha ya kundi la Kisabaki, ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilichambua kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1993. Ndugu zake katika kundi hilo ni Kiswahili chenyewe, lugha za Wamijikenda, Kielwana na Kikomoro. Kiorma, kwa upande mwingine, ni lahaja ya kusini ya Kioromo. Harry Stroomer aliieleza mwaka 1987 pamoja na lahaja za Waborana na Wawaata. Kwa hiyo mtoto wa Kipokomo anapojifunza Kiswahili anahama kutoka chumba kimoja cha nyumba hadi chumba kingine, ilhali mwenzake wa Kiorma anahama mji.

Yafaa ikumbukwe kwamba kugawanyika kwa ujuzi wa lugha hizi si jambo la jana. Katika miaka ya 1880 Wamethodisti walijenga kituo Golbanti kwa nia ya kuwafikia Waoromo. Ni huko ambako John Houghton na mkewe Annie waliuawa mwaka 1886. Mwaka uliofuata wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi Ngao, si mbali na hapo, wakawaelekea Wapokomo. Ferdinand Würtz wa Ngao aliandika kuhusu sarufi ya Kipokomo, na mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya likatoka katika lugha hiyo. Kituo kimoja kikaitazama lugha moja na cha pili kikaitazama nyingine. Watu waliowasaidia wageni hao kukusanya maneno, ambao bila shaka walikuwa na mengi ya kuambiana, hawakuachiwa mahali pa kuyaandika.

Sera ya serikali ya Kenya, tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, ni kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo. Pale ambapo lugha zimechanganyika, Kiswahili ndicho kitumike. Katika kijiji cha Kipokomo au katika makao ya Waorma sera hii inatekelezeka. Mjini Garsen, Minjila na penginepo penye mchanganyiko, Kiswahili huwa ndicho chombo cha kufundishia kabla hakijawa somo lililofahamika. Mtaala ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umeziweka lugha za kiasili miongoni mwa masomo ya Gredi ya 1 hadi ya 3, jambo la kufurahisha, lakini hilo halikubadili hali ya darasa lenye lugha tatu na mwalimu mmoja.

Kalamu nyekundu haitofautishi

Chukuliwe mfano wa sentensi nyepesi: Kikombe kimevunjika. Mtoto mmoja anaandika: Kikombe imevunjika. Mwalimu anapiga mstari mwekundu na kuandika "upatanisho". Kwa mwalimu aliyefunzwa Nairobi au Kakamega kosa hili ni la kila siku, naye hulihesabu miongoni mwa athari za Kiswahili cha barabarani, ambacho hukipachika kiambishi i- kila kitu kisicho na uhai. Huenda akawa sahihi. Lakini kama mtoto huyo amelelewa katika Kiorma, maelezo hayo hayatoshi.

Kioromo hakina ngeli. Majina yake yamegawanyika katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na jinsia hiyo huonekana hata katika kitenzi: dhuge ni "alikunywa" akiwa mwanamume, na dhugde ni "alikunywa" akiwa mwanamke. Isitoshe, kitenzi hukaa mwishoni mwa sentensi, na habari za mtendaji na wakati huwekwa mwishoni mwa kitenzi hicho. Kwa maneno mengine, sikio la mtoto huyu limezoezwa kungoja. Habari muhimu huja mwisho wa neno na mwisho wa sentensi. Kiswahili kinamtaka afanye kinyume chake. Mtendaji, wakati na mtendwa vyote vimerundikwa mwanzoni mwa kitenzi, kabla ya mzizi, na kwa haraka. Mtoto anayesema "imevunjika" hakuipuuza ki-, maana hajapata bado sababu ya kuisikiliza. Akiambiwa "soma tena ngeli ya KI-VI" atakariri orodha ya majina kumi na kurudia kosa lile lile kesho, kwa kuwa alichofundishwa ni majina na tatizo lake liko katika kitenzi.

Upande wa sauti kuna mambo mengine. Katika lahaja nyingi za Kioromo sauti p, v na z hazipatikani ila katika maneno ya mkopo. Katika imla, basi, pata na bata, zana na sana, vua na fua huweza kuandikwa vivyo hivyo. Jozi hii ya mwisho si ya mchezo katika sehemu ambapo kuvua na kufua hufanyika katika mto mmoja, na mtoto aliyeandika kwamba babaye "anafua samaki" huchekwa na darasa zima. Neno la Kioromo pia halianzi kwa konsonanti mbili zilizoandamana. Mbuzi, ndama, ng'ombe, mtamba: maneno ya kwanza ambayo mtoto wa mfugaji angependa kuyasema ndiyo yenye mwanzo mgumu kwake, na mwalimu asiyejua hilo husikia irabu iliyozidi au m iliyopotea akadhani ni uvivu wa ulimi.

Lakini lugha ya kwanza haileti taabu tu. Kioromo hutofautisha irabu fupi na ndefu: lafa ni ardhi, laafaa ni laini. Hutofautisha pia konsonanti moja na konsonanti iliyokazwa: badaa ni -baya, baddaa ni nchi ya juu yenye baridi. Mtoto mwenye sikio la namna hiyo hana shida kubwa ya kusikia kwamba kufa si kufaa na kwamba kupa si kupaa, jozi ambazo watoto wengi wa bara huzichanganya katika maandishi hadi sekondari. Mwalimu anayelijua hili ana mahali pa kuanzia panapompa mtoto heshima mbele ya wenzake, naye asiyelijua huliruka, kwa sababu kitabu cha kiada hakikulitaja.

Sasa aangaliwe mtoto wa Kipokomo aliye kando yake. Upatanisho haumsumbui. Ngeli alizaliwa nazo, na kwamba jina huamuru kitenzi ni jambo asilohitaji kuelezwa. Katika madarasa ya chini husifiwa. Taabu yake huanza baadaye, nayo ni taabu ya ukaribu. Kipokomo kina sauti ambazo Kiswahili sanifu hakina. Wenyewe huitamka lugha yao Kipfokomo, na mto wao huuita Tsana. Viambishi vya wakati na vya ukanusho navyo si vyote vinavyofanana na vya Kiswahili, na maneno mengi yamefanana kwa umbo bila kulingana kabisa kwa maana au matumizi. Mtoto huyu anaandika insha ndefu, inayosomeka, yenye Kipokomo kilichojificha ndani yake, na hana njia ya kujua mpaka uko wapi. Mwalimu Mpokomo mara nyingi hauoni pia, kwa kuwa sentensi ile inamsikikia vizuri. Mwalimu wa bara huliona kosa lakini haelewi limetoka wapi, akaandika "msamiati" au, vibaya zaidi, "lafudhi".

Kuna mtoto wa tatu ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni yule aliyelelewa na watu wa Lamu au visiwa vyake. Huyu husema mato kwa macho, tukua kwa chukua, na akimwita mwenzake husema ndoo, neno ambalo kwa mwalimu wake ni chombo cha maji. Kiswahili chake ndicho cha tendi kongwe za lugha hii, na tangu Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 amekuwa akisahihishwa. Ni halali asahihishwe katika mtihani. Si halali aambiwe hajui Kiswahili.

Watoto hawa watatu hupata alama nyekundu ya namna moja. Mwisho wa muhula wote hujumlishwa katika asilimia ya wastani wa shule, na shule hulinganishwa na za Mombasa. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa mwaka 1985, mwanzo wa mfumo wa 8-4-4, kilipata hadhi kiliyostahili, lakini pia alama yake ikawa mlango wa kuingia sekondari au kubaki nje, hadi mtihani wa KCPE ulipokoma mwaka 2023. Katika miaka hiyo 38, ni watoto wangapi wa delta waliohesabiwa wazito kwa sababu kosa lao halikupata msomaji?

Anayejua ni nani?

Katika shule ya kawaida ya sehemu za Garsen huweza kupatikana walimu wa namna tatu. Wa kwanza ni Mpokomo wa huko huko. Kiswahili chake ni chepesi na kina ladha ya pwani, wanafunzi humwelewa, na wazazi humheshimu. Ila sarufi ambayo kwake ni pumzi ni vigumu kuieleza kwa mtu asiyekuwa nayo. Akiulizwa kwa nini ki- na si i-, hujibu kwamba ndivyo inavyosemwa.

Wa pili ametoka bara, akapangiwa kazi huku na Tume ya Kuajiri Walimu. Kipokomo hajui, Kiorma hajui, na huenda anangoja uhamisho. Hata hivyo ana kitu ambacho mwenziwe hana: yeye mwenyewe alijifunza upatanisho wa kisarufi kama kanuni, darasani, kwa jasho, na anaweza kuieleza kanuni hiyo hatua kwa hatua.

Wa tatu ni mwalimu Mworma. Huyu ndiye ambaye vyumba vya walimu humpa nafasi ndogo kuliko anayostahili. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha yake ya pili, na matamshi yake yanaonyesha hivyo, mara nyingi hupewa masomo mengine na kuambiwa kwamba Kiswahili kina wenyewe. Fikira hiyo ina makosa makubwa. Yeye peke yake ameisafiri njia yote ambayo mtoto wa Kiorma anaianza, na anakumbuka mahali alipojikwaa. Anajua kwamba sentensi ya Kiswahili kwake ilikuwa kama kusoma kwa kuanzia nyuma, na anajua siku jambo hilo lilipomfungukia. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani katika shahada yoyote, wala hauwezi kuandikwa na mtu aliyezaliwa katika lugha.

Kila mmoja wa hawa watatu ana theluthi moja, na hakuna semina iwezayo kumpa mmoja wao theluthi zote.

Mafunzo yatokayo nje

Haitakuwa haki kusema kwamba walimu wa Kenya hawakuandaliwa mafunzo kazini. Vituo vya ushauri kwa walimu vilienezwa nchini tangu miaka ya 1970, na katika mahali pengi vilikuwa ndipo pekee ambapo mwalimu wa shule moja alikutana na wa shule nyingine. Mwaka 1998 ulianza mradi wa SMASSE, kwa msaada wa Japani, uliowakutanisha walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari kwa vikundi vya maeneo ili wapange masomo pamoja, mmoja afundishe, wengine watazame, kisha walijadili somo hilo na kulirekebisha. Utaratibu huo una mizizi katika shule za Kijapani, ambako walimu wamekuwa wakitazama masomo ya wenzao kwa zaidi ya karne moja. Walimu wa lugha hawakuhusishwa. Labda ilidhaniwa kwamba hisabati ni ngumu na lugha huja yenyewe.

Tusome, iliyoenezwa katika shule za msingi za umma kuanzia mwaka 2015, iliwahusu hasa walimu wa Kiswahili na Kiingereza wa madarasa ya chini. Iliwapa vitabu vya wanafunzi, miongozo ya somo kwa somo, na maafisa wenye tabuleti waliopita shuleni kuwasikiliza watoto wakisoma. Kwa shule zilizokuwa zikigawana kitabu kimoja kwa watoto watano, faida hiyo si ya kubezwa. Lakini mwongozo ulikuwa mmoja kwa nchi nzima. Somo la herufi lililomfaa mtoto wa Nyeri ndilo lililosomwa na mtoto wa Mworma, ingawa sauti zinazomtatiza mmoja si zinazomtatiza mwenzake.

Upimaji wa utendaji wa walimu, ujulikanao kwa kifupi cha TPAD, ulianza kutumika shuleni kote mwaka 2016. Ndani yake umo wajibu wa kutazamwa ukifundisha. Kwa karatasi jambo hili linafanana na lile la Wajapani. Kwa vitendo ni kinyume chake. Mwalimu anayetazamwa ili apewe alama huficha asilolijua, naye anayetazamwa ili wenzake wajifunze hana budi kulionyesha. Mafunzo ya lazima ya maendeleo ya ualimu yaliyotangazwa na Tume mwaka 2021, kupitia taasisi nne zilizoteuliwa na kwa ada ambayo mwalimu mwenyewe alitakiwa kuilipa, yalipingwa na vyama vya walimu, na ubishi ulihusu fedha zaidi ya maudhui. Ni jambo la kusikitisha kidogo, maana maudhui nayo yalihitaji kubishaniwa.

Miradi hii yote ina dhana moja ndani yake: ujuzi uko mahali fulani juu, na kazi iliyobaki ni kuuteremsha. Kuhusu matumizi ya tabuleti dhana hiyo ni sahihi. Kuhusu mtoto wa Bilisa aandikaye "kikombe imevunjika", ujuzi hauko Nairobi ili uteremshwe.

Kikao cha madaftari

Kinachopendekezwa hapa si mradi, na gharama yake ni nauli. Walimu sita hadi kumi wa Kiswahili kutoka shule zinazofikiana wakutane mara mbili kwa muhula, kila mmoja akiwa na madaftari matano ya insha yaliyofunikwa majina. Kwa saa ya kwanza wasisahihishe neno lolote. Wachukue kila sentensi iliyopotoka na kuuliza swali moja: ni nani hapa anayeitambua hii? Mara nyingi mtu mmoja atacheka, kwa sababu amesikia lugha ya mamaye ikichungulia. Huyo ndiye mwalimu wa wengine kwa dakika kumi zinazofuata. Aseme sentensi ile ingesemwaje nyumbani, neno kwa neno, na mwenye sarufi ya kitabuni aeleze tofauti iko wapi. Kinachopatikana kiandikwe katika daftari moja la pamoja, kwa safu: Kiswahili, Kipokomo, Kiorma, na safu ya maelezo.

Saa ya pili ni ya kupanga somo moja juu ya kosa moja. Mathalani, badala ya kuwapa watoto orodha ya majina ya ngeli ya KI-VI, mwalimu aseme kitenzi tu, kimevunjika, limevunjika, umevunjika, na watoto wakisie ni kitu gani, kikombe, jembe au mkuki. Zoezi hilo linalazimisha sikio liende mwanzoni mwa kitenzi, mahali ambapo mtoto wa Kiorma hajazoea kusikiliza, na mtoto wa Kipokomo hupata nafasi ya kumsaidia mwenzake kwa jambo ambalo hakujua kwamba analijua. Somo hilo lifundishwe na mmoja katika wiki inayofuata, wenzake wawili wakiwa nyuma ya darasa. Watazamaji hao wawaangalie watoto, wasimwangalie mwalimu, na wasiwe na fomu yoyote ya alama mkononi.

Kuna vikwazo vya kweli. Mvua zikija na mto ukafurika, kama mwaka 1997, 2018 na 2023, mkutano wa shule za ng'ambo mbili hauwezekani kwa wiki nyingi. Vikundi, kwa hiyo, vifuate upande wa mto badala ya mipaka ya utawala, na rekodi za sauti za watoto wakisoma zipelekwe kwa simu kwa yule mwenye sikio la lugha ile. Uhamisho ni kikwazo kikubwa zaidi. Mwalimu akiondoka na daftari, kikundi kimekwisha, na kwa sababu hiyo daftari likae katika kituo cha walimu, si katika mkoba wa mtu.

Hapa ndipo idara za vyuo vikuu zinapoingia, tena kwa upande wa wadaiwa. Würtz aliandika kwa Kijerumani. Stroomer, Nurse na Hinnebusch waliandika kwa Kiingereza, kwa wanaisimu wenzao, na vitabu vyao si vya kukutwa katika maktaba ya shule ya Tarasaa. Sura moja ya kila kimoja, ikiandikwa upya kwa Kiswahili chepesi kwa ajili ya mwalimu, ingefaa kuliko makala mengi ya nadharia. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Kilifi, barabara moja na Garsen. Wanafunzi wa ualimu wanaopelekwa mazoezini katika Tana River wangeweza kutakiwa warudi na kurasa tatu za makosa yaliyoelezwa na walimu wenyeji, badala ya ripoti zilizojazwa kwa ajili ya kabati la ofisi. Ifahamike, hata hivyo, kwamba mhadhiri akifika katika kikao cha madaftari, yeye ni mmoja wa waulizaji, maana hana safu yake mwenyewe katika jedwali lile.

Baada ya mwaka 2012

Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Mwezi uliofuata yakafuata mauaji ya Kilelengwani, na mwezi wa Desemba ya Kipao. Serikali ilipiga marufuku kutembea usiku. Watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa, wa pande zote mbili, kabla ya mwaka kugeuka. Chanzo kilikuwa maji, malisho, mashamba yaliyoziba malka, na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Lugha haikuwa chanzo, na mkutano wa walimu wa lugha usingezuia lolote katika hayo. Asiahidiwe mtu amani kupitia sarufi.

Hata hivyo shule zilifunguliwa tena, na watoto wakaketi tena madawati yale yale, baadhi yao wakijua ni kijiji gani kilichochoma kijiji gani. Walimu nao walirudi katika chumba kimoja. Katika mikutano mingi inayoitishwa baada ya msiba wa namna hiyo kila mtu huja kama mjumbe wa watu wake na kusema kwa niaba yao. Katika kikao cha madaftari mwalimu Mpokomo huja na sentensi asiyoielewa, na anayeielewa ni Mworma. Saa moja baadaye mambo hugeuka. Kila mmoja huonekana mbele ya mwenzake akiwa hajui, na kuhitaji, katika jambo dogo lisilo na aibu. Kiswahili kinawezesha hilo kwa sababu si cha mmoja wao kuliko mwingine, ijapokuwa kwa udugu wa lugha Mpokomo angeweza kudai ukoo.

Jedwali likishaanza halitabaki na safu tatu. Walimu wa Hola na Bura, juu ya mto, watahitaji safu ya Kielwana, lugha ya Kibantu iliyokaa na Kiorma muda mrefu hata sarufi yake ikabadilika, na safu ya Wamunyoyaya, ambao husema Kioromo ingawa ni watu wa mto. Upande wa Kipini na Witu yuko mzee mmoja mmoja asemaye Kidahalo, lugha yenye vidoko ambayo wasemaji wake wamebaki wachache mno, na ambao wajukuu wao huja shuleni wakiwa na Kiswahili tu. Safu ya Kidahalo itakuwa tupu kwa sehemu kubwa. Ichorwe hata hivyo, na mwalimu wa kwanza atakayepata neno la kuandika humo aweke tarehe kando yake.